Mwezi mpevu wa mwisho kabla ya baridi: maana yake na namna ya kuuadhimisha, hatua kwa hatua

Kwa Kiswahili, kile kinachong'aa angani usiku na zile siku ishirini na tisa au thelathini tunazozihesabu vina jina moja: mwezi. Lugha imetunza jambo ambalo kalenda ya ukutani imetusahaulisha, kwamba kwa muda mrefu mwezi ulikuwa chombo cha hesabu. Na katika nchi zenye majira manne, hakuna mwezi mpevu uliodai hesabu kama ule wa mwishoni mwa mapukutiko, wakati miti imebaki matawi matupu, nyasi zimekauka, na kila kaya inajua kwamba kilichomo ghalani ndicho kitakachoivusha hadi majani yachipue tena.

Nimeuadhimisha mwezi huo kwa miaka kadhaa sasa, na kilichonisukuma kuandika ni mambo ninayoyasoma kuuhusu. Mengi huanzia kwenye mshumaa na kuishia kwenye picha. Mtu anaambiwa "achilia yaliyopita" bila kuelezwa yapi, wala kwa nini usiku huu na si mwingine. Ukizifuata mila zenyewe hadi zilikotoka, unakuta kazi: kuhesabu akiba, kuchagua kipi kitunzwe na kipi kiondoke, kulipa, kukumbuka waliokufa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kazi. Mshumaa utakuja baadaye.

Nasema mapukutiko, sisemi vuli, kwa makusudi. Vitabu vingi huyaita majira haya vuli, lakini kwa wasemaji wengi vuli ni mvua, na mvua huotesha. Haya ni majira ya kufifia.

Hatua ya kwanza: ujue ni mwezi upi

Katika nusudunia ya kaskazini mapukutiko huanza 22 au 23 Septemba, siku ambayo mchana na usiku hulingana, na huisha 21 au 22 Desemba, siku yenye mchana mfupi kuliko zote. Mwezi mpevu ulio karibu zaidi na ile siku ya kulingana huitwa mwezi wa mavuno. Unaofuata ni mwezi wa wawindaji. Baada ya hao wawili ndipo unapokuja wetu.

Watu wengi hurahisisha mambo kwa kuuchukua mwezi mpevu wa Novemba, uwe wa tarehe yoyote. Sina ugomvi nao, ila mimi hufuata kanuni nyingine: mwezi mpevu wa mwisho kabla ya mchana mfupi kuliko yote. Kanuni hii inafuata majira kuliko inavyofuata jina la mwezi kwenye kalenda. Mwaka 2026 njia zote mbili zinakutana, kwa kuwa mwezi mpevu wa 24 Novemba ndio wa mwisho kabla ya Desemba 21. Unaofuata ni wa 24 Desemba, majira yamekwisha kugeuka. Mwaka 2027 kuna mwezi mpevu wa 14 Novemba, lakini wa mwisho ni wa 13 Desemba. Mwaka 2028 mambo yanasogea zaidi: mwezi wa mavuno unaangukia 3 Oktoba, wa wawindaji 2 Novemba, na wetu 2 Desemba.

Tarehe hizi ni za saa za dunia (UTC). Mwezi kuwa mpevu ni tukio la dakika moja, pale Jua, Dunia na Mwezi vinapojipanga, Dunia ikiwa katikati. Dakika hiyo ni moja kwa walimwengu wote, lakini saa za ukutani hazilingani. Mwezi wa 2 Desemba 2028 unatimia usiku wa manane kupita kidogo kwa saa za dunia, kwa hiyo aliye Amerika ataupata jioni ya tarehe 1. Angalia almanaka au programu ya anga iliyowekwa mahali ulipo.

Kama uko nusudunia ya kusini, Novemba kwako miti inachanua. Kufanya adhimisho la kufifia huku kila kitu kinachipua ni kujidanganya. Hamishia kanuni ileile kwenye Juni: mwezi mpevu wa mwisho kabla ya mchana mfupi kuliko yote wa kwenu, ambao huwa 20 au 21 Juni. Mwaka 2027 ni ule wa 19 Juni.

Hatua ya pili: ujue saa

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka nje saa mbili usiku nikiwa nimejifunika vizuri, nikaukuta mwezi tayari uko juu, mdogo, mweupe, hauna habari na mtu. Nilikuwa nimekosa sehemu iliyo bora kuliko zote.

Mwezi mpevu huchomoza Jua linapotua na hutua Jua linapochomoza, kwa sababu viwili hivyo vinakaa pande mbili zinazotazamana za anga. Hiyo ina maana kwamba ukitaka kuuona ukitoka ardhini unatakiwa uwe umesimama mahali penye upeo wa mashariki ulio wazi, kabla giza halijaingia. Kila siku inayofuata mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika hamsini hivi. Jioni ya siku moja kabla huwa unatangulia: unachomoza Jua halijazama kabisa, na kwa muda mfupi unaona nyumba, miti na mwezi vyote katika mwanga mmoja. Anayetaka picha achague jioni hiyo. Anayetaka adhimisho achague siku yenyewe.

Unapochomoza utauona mkubwa na wa rangi ya chungwa. Rangi ni ya kweli: mwanga wake unapita kwenye tabaka nene la hewa karibu na upeo, na hewa hiyo hutawanya bluu na kuacha wekundu. Ukubwa ni wa macho yako tu. Chukua punje ya njegere, inyooshee mkono wote, ufunike mwezi nayo. Rudia jaribio usiku wa manane mwezi ukiwa juu kabisa. Njegere ileile itaufunika vilevile. Fanya hivi na watoto. Hakuna somo la anga linaloingia haraka kama hili.

Kuna miaka ambayo ukubwa nao unaongezeka kidogo kweli. Njia ya Mwezi kuizunguka Dunia si duara kamili, umbali wake hucheza kati ya kilomita 356,000 na 406,000 hivi. Mwezi mpevu wa 14 Novemba 2016 ulikuwa wa karibu kuliko wowote tangu mwaka 1948, kama kilomita 356,500. Inapendeza kujua, ila usiahirishe adhimisho ukingoja mwaka wa namna hiyo.

Jambo la mwisho kuhusu saa, na hili ndilo linaloupa mwezi huu hadhi yake. Majira ya baridi yanapokaribia, Jua la kaskazini hupita chini chini. Mwezi mpevu, kwa kuwa uko upande wa pili, hupita palepale Jua linapopita wakati wa kiangazi: juu. Ukiwa kwenye latitudo ya digrii 50, mwishoni mwa Novemba Jua la saa sita mchana linafika kama digrii 20 tu juu ya upeo, lakini mwezi mpevu wa saa sita usiku unafika digrii 60 hivi. Mchana unanyong'onyea, usiku unapewa taa yake iliyo juu na ya muda mrefu. Watu waliokuwa hawana taa nyingine waliliona hilo kwa macho, hawakuhitaji kuelezwa.

Majina, na kilichomo ndani yake

Kabla ya kuamua utafanya nini, kaa kidogo na majina ya mwezi huu. Kila jina limebeba kazi ya watu fulani.

Jina linalovuma leo ni mwezi wa biva. Biva ni mnyama mgugunaji wa mitoni, mwenye mkia bapa, anayeangusha miti kwa meno yake na kujenga bwawa. Jonathan Carver, aliyesafiri eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini miaka ya 1760, aliliweka jina hilo kwenye orodha ya miezi aliyoichapisha mwaka 1778, akisema ameipata kwa wenyeji. Almanaka za Marekani zikaanza kuyasambaza majina ya namna hiyo katika miaka ya 1930, na ndiyo maana leo yako kila mahali. Lakini mataifa ya wenyeji ni mamia, kila moja lina lugha yake na hesabu yake. Waanishinaabe, kwa mfano, wana jina linalomaanisha mwezi wa kuganda. Tuseme tunazungumzia jina moja kati ya mengi.

Maelezo ya jina la biva ni mawili, na yote mawili yanapatana na majira. La kwanza ni la wategaji: manyoya ya mnyama huyo huwa mazito baridi inapoingia, na mitego ilibidi iwekwe kabla maji hayajaganda. La pili ni la biva mwenyewe. Hapitishi baridi usingizini. Mwishoni mwa mapukutiko hupaka nyumba yake matope, ambayo yakiganda huwa magumu kama ukuta, kisha hurundika matawi mabichi chini ya maji karibu na mlango. Barafu ikishafunika bwawa, yeye huogelea chini yake, huchukua tawi, hurudi ndani kula. Akiba haiozi, na ya biva haiozi kwa maana halisi, kwa sababu imehifadhiwa kwenye maji baridi.

Upande wa Ulaya kuna ushahidi mkongwe zaidi. Mwaka 725 mtawa Bede, wa kaskazini mwa Uingereza, alieleza jinsi mababu zake walivyoihesabu miezi kabla ya Ukristo. Mwezi wa Oktoba waliuita Winterfilleth, na Bede anasema baridi kwao ilianza na mwezi mpevu wa kipindi hicho. Novemba waliuita Blodmonath, mwezi wa kafara, kwa kuwa ng'ombe waliokusudiwa kuchinjwa waliwekwa wakfu kwa miungu yao.

Jina hilo la pili linatisha mpaka uulize kwa nini wachinje wakati huo. Jibu liko kwenye nyasi kavu. Mfugaji aliyekata nyasi za kutosha ng'ombe sita hakuweza kuvusha kumi. Akijaribu kuwalisha wote, wote wangekonda, na pengine ifikapo Februari asibaki na hata mmoja. Kwa hiyo alisimama zizini, akahesabu, akachagua. Baridi yenyewe ilisaidia kuhifadhi nyama pamoja na chumvi na moshi. Kwangu, hapo ndipo maneno "kuachilia" yanapopata uzito wake, kwenye zizi. Hayakuwa maneno mepesi. Mtu aliagana na mnyama aliyemlea ili wengine waishi.

Kuna pia jina la mwezi wa sakitu, ule umande ulioganda unaokutwa asubuhi juu ya majani. Na wale wanaozifufua dini za kale za Ulaya huuita mwezi wa maombolezo, wakiupa kazi ya kuomboleza mwaka unaokwisha na watu walioondoka nao.

Hatua ya tatu: hesabu ya mchana

Hii ndiyo hatua kubwa, na inafanyika kabla mwezi haujachomoza. Tenga muda wa saa mbili mchana. Chukua daftari na kalamu. Simu iache, kwa sababu ukiandika kwa mkono unakwenda taratibu na taratibu ndiyo inayotakiwa.

Anza na vitu vya nyumbani. Fungua kabati la chakula, utoe kila kitu mezani, uandike kilichopo na kitatosha muda gani. Kisha nguo za baridi, blanketi, dawa za nyumbani zilizopitwa na muda. Usiandike "vya kutosha". Andika idadi. Mtu huona hali yake halisi anapoandika "mablanketi mazima mawili, watu wanne".

Ukimaliza vitu, ingia kwenye madeni, unayodai na unayodaiwa. Hapa utataka kuruka mstari, usiruke. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kabla ya kulipa kuna kulitaja. Deni la fedha liandike kwa kiasi chake. Deni la neno, kama vile barua uliyoahidi kujibu au mtu uliyemkosea hukurudi kumwomba radhi, liandike kwa jina lake.

Mwisho andika mambo unayoyalisha. Hapa unasimama zizini kama yule mfugaji. Orodhesha kila kinachokula muda wako, nguvu zako au nafasi yako nyumbani: kikundi ulichojiunga, mradi ulioanza, chumba kilichojaa maboksi, kinyongo pia. Karibu na kila kimoja jiulize: nyasi zangu zinatosha kukivusha hiki hadi mwezi wa tatu? Weka alama kwenye vile ambavyo jibu ni hapana. Viwe vitatu, si zaidi. Ukiweka alama kumi hutatekeleza hata kimoja, na hesabu isiyotekelezwa inauma kuliko kutohesabu.

Mwaka mmoja kwenye ukurasa wangu niliandika: "Jaketi la marehemu baba. Limening'inia miaka sita. Halijavaliwa." Ni jaketi zito la sufu, la kijivu, viwiko vimeshonewa vipande vya ngozi, mfuko wa kulia una tundu ambalo alikuwa akipenyeza kidole akiwa anafikiri. Kila mwaka nililiangalia, nikalipiga vumbi, nikalirudisha. Sikulivaa kwa sababu halinienei mabegani. Sikulitoa kwa sababu lilikuwa yeye. Nilipoweka alama pembeni ya mstari ule mkono wangu ulisita, nikajua kwamba nimefika kwenye kitu chenyewe. Ukiona mkono wako unasita mahali fulani kwenye ukurasa, hapo ndipo penye adhimisho lako. Mengine ni matayarisho.

Hatua ya nne: kuutazama

Fika ulipopachagua dakika ishirini kabla ya saa ya kuchomoza. Vaa zaidi ya unavyodhani inatosha, hasa miguuni, kwa sababu baridi ya kusimama ni kali kuliko ya kutembea. Zima mwanga wote. Macho huhitaji kama dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza vizuri, na kutazama simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo.

Utakachoona kwanza si mwezi. Ni weupe hafifu nyuma ya miti au paa, kama mtu anakuja na taa kwenye njia usiyoiona. Kisha ukingo. Kuanzia ukingo hadi duara zima kujitenga na upeo huchukua dakika chache tu. Kwa hizo dakika usiseme kitu. Hilo ndilo ombi langu moja lisilo na maelezo.

Baada ya hapo utazame kwa makini. Mabaka ya kijivu yanaitwa bahari, ingawa ni tambarare za lava iliyoganda; kwenye mojawapo, Bahari ya Utulivu, ndipo watu walipotua kwa mara ya kwanza, 20 Julai 1969. Usiku wa mwezi mpevu si mzuri kwa kuona mashimo na milima yake, kwa sababu Jua linaupiga kutoka mbele na vivuli vinatoweka. Lakini ndio usiku bora wa kuona miale. Kwa darubini ndogo ya mkononi, tafuta upande wa kusini wa duara shimo la Tycho, na michirizi myeupe inayosambaa kutoka hapo hadi mbali, kama kitu kilichorushwa kwa nguvu. Ndivyo ilivyokuwa: ni vifusi vilivyorushwa na kimondo kilipogonga.

Jambo moja la kupendeza kwa msomaji wa Kiswahili. Mwezi mpevu wa Novemba mara nyingi hupita jirani na Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake limetokana na kulima. Mwezi wa 24 Novemba 2026 utakuwa karibu nacho kabisa. Mwangaza wa mwezi utakizidi nguvu, kwa hiyo uzibe mwezi kwa kiganja, kisha utafute kwa darubini pembeni yake. Kundi la nyota lililopewa jina la kazi ya shamba, kando ya mwezi wa kufunga ghala: mimi hilo linanitosha kwa usiku mzima.

Kukiwa na mawingu, toka hivyohivyo. Mwezi upo, na usiku wenye mawingu na mwezi mpevu hauwi mweusi kama mwingine. Utaona.

Hatua ya tano: taa na maji

Katika nchi kadhaa za Asia, mwezi mpevu wa majira haya, mara nyingi ule wa Novemba, unaadhimishwa kwenye maji. Thailand huadhimisha Loy Krathong, mwezi mpevu wa mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao ya kale: watu hutengeneza chombo kidogo kutokana na kipande cha mgomba, hukipamba kwa majani yaliyokunjwa na maua, huweka mshumaa na udi, kisha hukiachia kielee mtoni wakimshukuru mama wa maji na kumwomba radhi kwa kuyachafua. India ina Kartik Purnima. Varanasi ngazi za mto Ganga huwashwa taa za udongo kwa maelfu, na huko Odisha watu huachia vijimashua vielee kwa kumbukumbu ya wafanyabiashara waliosafiri zamani kwa tanga kwenda Bali, Java na Sumatra. Kambodia hushindanisha mashua wakati maji ya mto Tonle Sap yanapogeuza mkondo wake na kurudi yalikotoka.

Ibada hizo zina wenyewe. Ukialikwa, nenda, ufuate wanavyofanya. Ukiwa peke yako usiigize maneno ya dini isiyo yako. Chukua umbo la jumla, ambalo ni la binadamu wote, yaani kuweka kitu juu ya maji na kukiacha kiende.

Namna ya kutengeneza: tafuta jani pana gumu au kipande cha mkate mkavu cha duara, unene wa vidole viwili. Mkate una faida kwamba samaki wataumaliza. Usitumie plastiki, povu gumu, pini, waya wala utepe. Juu yake weka majani makavu matatu, moja kwa kila jambo uliloliwekea alama. Usiyaandike, unajua lipi ni lipi. Katikati chomeka mshumaa mdogo mwembamba, ambao utauzima na kuuchukua kabla ya kuachia chombo. Ndiyo, uuzime. Nta haina haja ya kubaki mtoni.

Washa, taja mambo matatu kwa sauti, hata kama ni ya chini. Mtaje pia marehemu kama yupo, kwa jina lake kamili, na jambo moja alilokuwa akilifanya kwa mikono. Kisha zima, achia, tazama hadi kipotee. Usiku huo mwanga wa mwezi utatosha kukifuata kwa macho.

Kama hakuna mto, beseni la maji nje ya mlango linafaa, na asubuhi majani yarudi kwenye udongo. Taa za karatasi za kurusha angani usizitumie kabisa: zimechoma mashamba na mapaa, na mifugo hula waya zake.

Wapo watakaouliza kama huku si kuabudu mwezi. Hakuna hapa anayeombwa kuusujudia. Mwezi unaonyesha wakati, basi. Mwislamu anaweza kuuchanganya usiku huu na saumu ya masiku meupe, tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi mwandamo. Mkristo na zaburi zake. Asiye na dini na ukimya wake. Hatua zinabaki zilezile.

Hatua ya sita: chakula

Kile kilichokaribia kuharibika kwenye hesabu ya mchana ndicho kipikwe. Kipikwe kingi, kiliwe na mtu ambaye hakutarajia kualikwa. Japani, usiku wa kumi na tatu wa mwezi wa tisa wa kalenda yao ya kale huadhimishwa kwa njugu za chestnut na madonge madogo ya unga wa mchele, na wanautazama mwezi ukiwa bado siku mbili kutimia, wakiupendea hiyo kasoro. Naupenda moyo huo mezani: sahani zisizolingana, chakula kisicho cha sherehe.

Hatua ya saba: asubuhi yake

Amka kabla Jua halijachomoza, kama unaweza, uuone mwezi ukitua magharibi. Halafu, kabla ya kufanya kitu kingine chochote, tekeleza moja kati ya yale matatu. Tuma ujumbe wa kujitoa kwenye kikundi. Lipa lile deni dogo. Piga simu. Saa nne asubuhi isikukute hujafanya. Mawili yaliyobaki yape muda hadi mwezi uwe nusu, yaani wiki moja, maana macho yako yatakuwa yanaukumbuka kila usiku unavyopungua.

Mimi asubuhi ile nililikunja jaketi, nikashona kwanza tundu la mfuko, kisha nikalifumua tena nikaliacha kama lilivyokuwa. Nililipeleka mahali wanapopokea nguo za baridi, nikalikabidhi kwa mkono badala ya kulitumbukiza kwenye boksi. Wiki ya pili nilimwona mzee mmoja kituo cha basi amelivaa, limemkaa mabegani barabara. Alikuwa anasubiri, ametazama mbali, kidole kimoja kimepenya kwenye mfuko wa kulia.